VITABU SITA TULIVYOVIPENDA KATIKA MWAKA HUU

Somo kwa wanafunzi waliohitimu msahafu, na kwa wazee wao

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Kila sifa njema inamstahikia Yeye aliyetuneemesha kwa elimu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, hapa kwetu Unguja mtoto akihitimu msahafu hufanyiwa furaha. Hushonewa nguo mpya, hupikiwa pilau, jamaa wakaitwa na maalim akaombewa dua. Hii ni ada njema na tunaomba idumu. Lakini baada ya siku ile ya furaha, wengi wa watoto wetu hufunga kusoma. Msahafu hupandishwa juu ya kabati ukatolewa mwezi wa Ramadhani, na kitabu chengine cho chote hakishikwi ila kile kinachotakiwa na mtihani wa skuli. Mtoto amefika mlangoni, kisha amegeuka akarudi.

Tukumbuke kwamba amri ya mwanzo aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) katika pango la Hira ilikuwa ni amri ya kusoma. Tukumbuke pia habari ya mateka wa Badri, katika mwaka wa 2 wa Hijria. Wale waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa ni kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Umma ulikuwa bado mchanga na una haja ya kila dirhamu, na juu ya hivyo kalamu ikahesabiwa kuwa ni mali.

Hata lugha yetu inatufunza. Katika Kiswahili cha zamani neno "chuo" maana yake ni kitabu. Tukimwita mtu "mwanachuoni", basi tunamnasibisha na kitabu, na tukisema mtoto "yuko chuoni", tunasema yuko penye kitabu. Vipi basi mtoto atoke chuoni asiwe na kitabu?

Kwa sababu hiyo mwaka huu tulikaa na wanafunzi wa darasa la juu, wanaume kwa wakati wao na wanawake kwa wakati wao, kila Jumapili baina ya Alasiri na Magharibi. Vitabu vyetu ni vichache, mara nyingi nakala ni moja tu, kwa hivyo mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza, kisha aliyesikiliza ndiye anayetakiwa kueleza. Katika tulivyovisoma, sita vimetukaa zaidi moyoni, na hivyo ndivyo tunavyovieleza hapa.

1. QURANI TAKATIFU, ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy

Tumeanza na hiki kwa kuwa ndicho kinachomfaa zaidi aliyehitimu msahafu. Amejua kuisoma Qurani, sasa na ajue anaambiwa nini.

Sheikh Abdulla Saleh Farsy alizaliwa hapa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa skuli, kisha akawa Kadhi wa Zanzibar, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alifariki Muscat, Oman, mwaka 1982, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tafsiri yake ya Qurani nzima ilichapishwa Nairobi mwaka 1969 na Islamic Foundation.

Ni vyema wanafunzi wafahamu kwamba hii si tafsiri ya mwanzo ya Kiswahili. Ya mwanzo ilitoka mwaka 1923, na mfasiri wake alikuwa padri wa Kiingereza, Godfrey Dale, aliyekuwa akifanya kazi ya umisionari papa hapa Unguja, naye akatia maelezo ya kuipinga dini yetu. Ya pili ilitoka mwaka 1953, nayo ilikuwa ya Waahmadiyya. Fikirini basi: kwa miaka mingi Mswahili aliyetaka kujua maana ya Qurani kwa lugha yake, kitabu kizima alichokipata kiliandikwa na mtu asiyekuwa wa madhehebu yake, au asiyekuwa wa dini yake kabisa. Masheikh wetu walikuwapo na elimu yao ilikuwa kubwa, lakini nyingi ilikuwa ya vifuani na ya Kiarabu. Asiyeandika, huandikiwa na mwengine. Hili ndilo somo la kwanza tulilolipata kabla hata hatujafungua sura moja.

Tunachokipenda katika tafsiri hii ni Kiswahili chake. Sheikh ameandika kama mzee wa Mji Mkongwe anavyosema na watoto wake barazani, maneno mepesi na maelezo chini ya aya pale panapohitaji kufafanuliwa. Shuruti ni moja: tafsiri ni maelezo ya maana, haisimami mahali pa Qurani yenyewe, na palipo na shaka mtu aulize.

2. BAADHI YA WANAVYUONI WA KISHAFI WA MASHARIKI YA AFRIKA, cha Sheikh huyo huyo

Hiki ni kitabu kidogo lakini kina watu wengi ndani yake. Sheikh Abdulla amekusanya habari za masheikh wa mwambao wetu: nani alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alimsomesha nani, alikufa lini. Mwaka 1989 kilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani na Randall Pouwels, na hadi leo wanaoandika tarehe ya Uislamu wa Afrika ya Mashariki hurejea kwake.

Waliotuvutia zaidi ni wawili. Wa kwanza ni Sayyid Ahmad bin Abibakar bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, akawa Kadhi wa Zanzibar, na aliyesafiri hadi Istanbul kutafuta elimu. Wa pili ni Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyesafiri Makka na Hadhramaut na akafika hata Cape Town, kisha akasomesha hapa Ukutani, kwenye madrasa inayojulikana kwa jina lake. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Wanafunzi wetu wengi hupita Ukutani kila siku wakenda Darajani au wakirudi, na hawakuwa wakijua kuwa katika vichochoro hivyo walipita watu waliokuja kusoma kutoka Lamu, Mombasa, Ngazija na Barawa. Baada ya kukisoma kitabu hiki tulikwenda nao kwa miguu tukawaonesha. Mmoja akauliza: "Maalim, leo wanafunzi hao wanakwenda wapi?" Tulimwambia kuwa jawabu la suali lake liko mikononi mwa rika lake. Mji haukuwa mji wa elimu kwa sababu ya mawe yake. Ulikuwa hivyo kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa wakasoma baina ya Magharibi na Isha, na asubuhi wakaenda kwenye kazi zao.

3. UWONGOZI, cha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, naye alikuja Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt. Kwa hivyo kitabu hiki ni tunda la mti ule ule tulioutaja juu. Alifariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Mwaka 1930 Sheikh alianza kutoa karatasi ndogo iitwayo Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Uwongozi ni mkusanyo wa makala zake. Mwaka 2017 makala hizo zilitolewa kwa Kiingereza na kuchapishwa Leiden, Uholanzi.

Makala ni fupi, nyengine hazizidi kurasa mbili tatu. Anazungumza juu ya israfu, juu ya uvivu, juu ya kuiga wageni katika yasiyo na faida na kuyaacha yenye faida, na juu ya elimu, ikiwemo elimu ya wanawake. Haoni haya kuwasema watu wake. Huuliza kwa nini wengine wametangulia na sisi tumebaki nyuma, wala hakubali jawabu la kwamba ndivyo tulivyokadiriwa.

Tumekipenda kwa sababu kinamfunza mwanafunzi namna ya kunasihi. Sheikh hamtaji fulani wala hamvunjii mtu heshima yake. Husema jambo, akaleta hoja, akafunga. Tuliwapa wanafunzi kazi ya kuandika makala ya ukurasa mmoja kwa mtindo huo, juu ya jambo moja la mtaani mwao. Waliandika juu ya taka zinazotupwa mitaroni, juu ya gharama za harusi, na juu ya vijana wanaokesha na simu. Kijana anayesoma makala za namna hii hujifunza kuwa hasira si hoja.

4. UTENDI WA MWANA KUPONA

Hiki kilisomwa na wanafunzi wetu wanawake, nao ndio waliozungumza zaidi mwaka mzima.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mkubwa wa Siu katika kisiwa cha Pate, aliyepigana na Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, alimtungia utendi binti yake Mwana Hashima kumuusia juu ya dini yake, adabu yake na maisha yake ya ndoa. Haukupita muda mrefu naye akafariki. Utendi uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika Waswahili kabla ya herufi za Kizungu, na ukanakiliwa nyumba kwa nyumba.

Baadhi ya wanafunzi walisema kuwa mausio yake juu ya kumtumikia mume ni mazito mno. Wengine wakasema mama alikuwa akimpa mwanawe silaha ya kuishi salama katika zama zake. Tuliwaacha wajadiliane kwa adabu, kwani utendi ni kazi ya mwanadamu, na mausio yake hupimwa kwa Qurani na Suna kama maneno ya mwengine ye yote.

Kisha mmoja wao akaona jambo ambalo wengi hulipita. Mwanzoni mwa utendi mama anamwita mwanawe aje na wino na karatasi. Maana yake, mwaka 1858 katika kisiwa cha Pate kulikuwa na mama anayetunga na mtoto wa kike wa kuandika, na jambo hilo halikuhitaji kutolewa udhuru.

5. KUMBUKUMBU ZA SAYYIDA SALME BINTI SAID

Hiki kimewatia wazee wengine wasiwasi, kwa hivyo tutakieleza kwa kituo.

Sayyida Salme alikuwa binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo magofu yake yapo hadi leo kaskazini ya mji. Mwaka 1866 alitoka Unguja kwa siri. Mwaka 1867 huko Aden alibatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya ugeni. Kitabu chake kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, naye alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924.

Mzazi mmoja alituuliza: "Mtu aliyeiacha dini yake, watoto wetu wasome kitabu chake kwa nini?" Suali lake ni la haki na halikutoka ila kwenye mapenzi ya dini. Jawabu letu ni kwamba kusoma habari za mtu si kumfuata. Qurani yenyewe imetusimulia habari za wema na za wasiokuwa wema ili tuzingatie. Tulikisoma kitabu hiki pamoja, tukikieleza kwa Kiswahili kutoka nakala ya Kiingereza, na kila palipohitaji maelezo ya dini tuliyatoa.

Na faida tuliyoipata ni hii. Salme anaeleza kuwa watoto wa kike wa jumbani walifunzwa kusoma Qurani tu, na kuandika kulikuwa kwa wanaume. Yeye akajifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa ndio ubao wa siku hizo. Ikumbukwe kuwa haya ni ya zama zile zile za Mwana Kupona. Pate mama anamwita bintiye aje na wino, na Unguja, jumbani kwa Sultani, binti anajificha na mfupa! Basi katazo lile halikuwa la dini, kwani dini ni moja. Lilikuwa ni ada ya mahali.

Faida ya pili ni onyo. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, Sayyid Majid akatawala Unguja, na mwaka 1859 ndugu yake Barghash akafanya njama za kumpindua. Salme, akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, akawa karani wa njama zile kwa sababu alijua kuandika. Njama zikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na ndugu wakabaki na chuki. Kalamu aliyoitafuta kwa taabu ikatumika katika fitna ya watu wa nyumba moja. Kujua kuandika ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Makumbusho ya Kasri pale Forodhani yalikuwa na chumba kilichowekwa kwa habari zake.

6. MZIMU WA WATU WA KALE, cha Muhammad Said Abdulla

Tumemaliza na hadithi, kwa sababu wapo wanaosema hadithi za kubuni zinampotezea mtoto wakati. Ziko kweli zinazopoteza, na ziko zinazofunza.

Muhammad Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918 na alifariki mwaka 1991. Hadithi hii ilipata ushindi katika mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na wataalamu wa lugha huihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa hadithi za upelelezi katika Kiswahili. Mtu ameuawa mzimuni, na watu wako tayari kuamini lo lote litakalosemwa juu ya mzimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hana haraka. Anauliza, anatazama, anapima kauli ya huyu na ya yule, mpaka ikadhihiri kwamba aliyeua ni mwanadamu kwa sababu za kibinadamu. Nani, na kwa nini, hatutasema, msije mkatulaumu.

Tunamkataza mwanafunzi kuiga kiko cha Bwana Msa. Lakini akili yake tunaitaka. Katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa tuhakikishe habari tunayoletewa kabla hatujawadhuru watu bila ya kujua. Leo habari inafika mtaa mzima kwa simu kabla chai haijapoa: fulani mchawi, fulani kaiba, fulani kasema. Kijana aliyezoea kuuliza "nani kaona, na kaona nini?" ameokoka na mengi.

Kwa wakubwa zaidi tunaongeza kitabu kimoja: Peponi, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Kiliandikwa kwa Kiingereza mwaka 1994 na hakikufika Kiswahili mpaka mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni habari ya kijana Yusuf aliyetolewa na wazee wake kwa ajili ya deni. Wazee wakisome kwanza wao, kisha waamue kama vijana wao wamefikia umri wa kukisoma.

KWA WAZEE WETU

Wazee wetu watukufu, tunaomba mambo matatu.

La kwanza, mpeni mtoto nusu saa kila siku ya kusoma kisichokuwa cha mtihani, na mara moja kwa wiki akae akusomeeni kwa sauti. Msiokuwa na vitabu nyumbani, Maktaba Kuu ipo Maisara.

La pili, binti aliyehitimu msahafu msimtoe chuoni. Tunaona darasa la wanawake linapungua kila wanapokua, na sababu tunayoambiwa ni kuwa "yatosha, ameshahitimu". Angalieni Mwana Kupona alimwambia bintiye ashike nini.

La tatu, katika makasha na madari ya nyumba nyingi za Mji Mkongwe na za shamba zimo karatasi za mababu: tenzi, hati, barua, vitabu vya fiqhi vilivyoandikwa kwa mkono. Mchwa na mvua havingoji. Msizichome wala msiziuze bila ya kumwonesha mwenye elimu. Jumba la Nyaraka lipo Kilimani, na kazi yake ni kuhifadhi vitu kama hivyo.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Neno "chuo" lilikuwa na maana gani katika Kiswahili cha zamani?
2. Eleza uhusiano baina ya Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.
3. Linganisha hali ya Mwana Hashima na ya Sayyida Salme katika jambo la kuandika. Tofauti yao ilitokana na dini au na ada? Toa hoja.
4. Taja habari moja uliyoisikia mtaani mwezi huu. Ungeihakiki vipi?
5. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu: alisoma chuo gani, kwa maalim gani, na kitabu gani? Andika jawabu lake, utie na tarehe.

Suali la tano ndilo tunalolitaka zaidi. Sheikh Abdulla Saleh Farsy naye alikusanya kitabu chake kwa kuuliza na kuandika, na lau hakufanya hivyo, majina mengi tuliyoyataja hapa tusingekuwa nayo leo. Majawabu yaleteni chuoni baada ya likizo, yatafungwa pamoja yawekwe kabatini, na watakaokuja baada yenu watayasoma.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awarehemu walimu wetu waliotangulia, na awape watoto wetu mapenzi ya kitabu. Amin.

Wabillahi tawfiq.